Kamera Isiyo na Kidirisha

Mumbua mwanangu,

Baba yako ameenda kwa jirani kuomba gari la kukupeleka steji asubuhi, na wewe nakusikia jikoni ukisonga ugali. Unadhani nakunja nguo zako. Nimemaliza kuzikunja. Nimeketi hapa chumba cha mbele, kwenye kiti cha wateja wa studio, naandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia bei, kwa hivyo herufi zitakuwa kubwa na karatasi zitakuwa nyingi. Nivumilie.

Habari za maji ya kunywa, kanisa la kusali na watu wa kuepuka, baba yako amekwambia tangu Jumapili, mpaka siku hizi akikohoa tu wewe unakumbuka una kazi nje. Mimi sitaongeza. Mwaka mzima utakaokaa Lodwar ukipiga picha za visima vya lile shirika, jua la huko litakufundisha lenyewe. Mtu aliyekulia kwenye ukungu wa Nunguni hawezi kufundishwa jua na mtu mwingine wa Nunguni. Mimi nilijaribu jua la Migwani tu, na unajua lilinifanya nini.

Nataka kukwambia kuhusu kamera. Si hii mpya, ile ndogo tuliyoanza nayo. Nilikudanganya nilipoinunua, na tangu siku hiyo mimi na wewe tumekuwa tukiishi ndani ya uongo ule kama watu walioingia nyumba bila kuuliza ni ya nani.

Unakumbuka jinsi habari yake ilivyoanza. Kamera kubwa niliyokuwa nikifanyia kazi ilinyeshewa kwenye harusi ya Mbumbuni ikafa pale pale, bibi harusi akiwa bado hajakata keki. Wewe ulikuwa umemaliza Fomu Foo, uko nyumbani, na ndiye uliyeniambia kuna kamera za siku hizi ambazo hazina kile kioo cha ndani. Sikuelewa. Ukachukua chaki ukanichorea kwenye ukuta wa nyuma: kioo kikiondolewa, bodi ya kamera, kiwiliwili chake, inakuwa nyembamba, na kati ya lenzi na bodi inabaki nafasi. Kwenye nafasi hiyo unaweka pete ya chuma, adapta, na pete hiyo inashika lenzi yoyote, hata ya kampuni nyingine, hata iwe ya miaka mingapi.

"Hata za mjomba?" nilikuuliza.

"Hasa za mjomba, Mwaitu, mama yangu."

Lenzi za mjomba wangu Muthama zilikuwa zimelala kwenye kabati tangu alipofariki. Alikuwa mpiga picha wa kuzunguka masoko ya huku kwetu, enzi za filamu, na mimi nilimbebea begi mpaka nikaanza kupiga mwenyewe. Kamera yake ilichakaa, lenzi zikabaki: ile fupi inayomeza chumba kizima, ile ya kati ya kupigia uso wa mtu, na ile ndefu ambayo watoto waliita bunduki. Chuma tupu na kioo, hazina waya wala motori, za kuzungushwa kwa mkono. Alinifundisha kusoma zile namba za umbali zilizochongwa pembeni. Unakadiria mtu yuko mbali kiasi gani, unaweka namba, unapiga, na picha inatoka safi hata kama hukuona vizuri. Nilikuwa na sifa ya jambo hilo. Watu walisema Mama Mumbua anapiga picha gizani.

Basi tukaamua. Wewe ulitaka nije na bodi ndogo, kwa sababu kamera kubwa inatisha watu kwenye mazishi na inapiga kelele katikati ya maombi. Nami nilitaka ndogo kwa sababu ya kiwiko changu, kilichokuwa kikiniuma nikibeba ile kubwa. Siku nilipoenda Nairobi na baba yako ulinipigia simu nikiwa bado garini. Ulisema, "Mwaitu, vitu vyote vingine wacha. Hakikisha tu ina kidirisha cha kuchungulia. Usichukue yenye skrini peke yake."

Nikasema nimesikia.

Dukani yule muuzaji aliniwekea bodi tatu juu ya meza. Mbili zilikuwa na kidirisha. Nikachukua ya kwanza nikaiweka jichoni kama nilivyofanya maisha yangu yote, jicho la kulia, la kushoto nimelifumba. Katikati palikuwa na doa. Si jeusi, ni kama mtu amepumulia kioo. Nikadhani kamera ni mbovu. Nikafuta kidirisha kwa leso, nikatazama tena, doa liko pale pale. Nikaomba ya pili. Doa likahama na mimi.

Mumbua, nilisimama pale dukani kitambo kirefu nikijifanya nasoma vitufe. Nilikuwa nimeliona doa hilo kabla ya siku ile, kanisani nikitafuta wimbo kwenye kitabu, lakini nililiita uchovu. Kwenye kidirisha hapakuwa na cha kulisingizia. Ningeweza kuhamia jicho la kushoto, ambalo lilikuwa zima. Ni jambo dogo, watu wengi hutumia la kushoto. Lakini ungeniona, na ungeuliza kwa nini, kwa sababu wewe huachi kitu kipite. Nikachukua ile ya tatu, isiyo na kidirisha. Skrini yake ningeitazama kwa macho yote mawili nikiwa nimeishika mbali, na kitu kikiwa kwenye fokasi, kimekaa safi, kamera inachora kingo zake kwa mstari mwekundu. Ule mwekundu niliuona vizuri. Nikamwambia muuzaji anipe na adapta, yoyote tu, ya bei ya chini.

Nje baba yako aliuliza, "Ndiyo hiyo aliyosema mtoto?"

"Ndiyo."

Na wewe nilikwambia zenye kidirisha zilikuwa zimeisha. Ukasema si kitu, tutazoea.

Kilichonipotosha zaidi ni kwamba kamera ile ilifanya kazi. Niliijaribu hapa kwenye baraza, asubuhi ya ukungu, kwenye maparachichi na nyuso za wateja, na mstari mwekundu ulijichora kama kwa kalamu. Ubatizo wa watoto wa kanisani kwetu, ulitoka vizuri. Kwenye picha ya kikundi cha akina mama, kila shanga ilionekana. Nilianza kuamini kwamba nimechagua kwa akili na si kwa woga. Mtu akichagua kwa woga na mambo yakamwendea sawa miezi michache, huanza kutoa ushauri. Nilikuwa nikiwaambia wapiga picha wenzangu kwamba kidirisha ni anasa.

Kisha mteja mmoja, Mutisya, akatuita Migwani kupiga picha za familia yake.

Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa kando umeshika begi, na hukujua kilichokuwa kichwani mwangu. Nitakisema. Mutisya alinivuta pembeni kabla ya chakula, akaniambia, "Mama Mumbua, za watoto piga unavyotaka. Mimi nataka moja tu. Mama katikati, mimi huku, Mwangangi kule." Alinieleza kwamba yeye na ndugu yake hawakuwa wamekula nyumba moja tangu shamba lilipogawanywa. Mama yao, Kavinya, ndiye aliyewabembeleza mpaka wakakubali siku hiyo moja. Mwangangi alikuwa ametoka Mombasa, na alikuwa anarudi jioni hiyo hiyo.

Wakamtoa mama kwenye kiti, wakamweka uani. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyetu. Nikafunga ile lenzi ya kati, nikainua kamera, na kwenye skrini nikaona uso wangu mwenyewe na anga. Hakuna kingine. Niligeuza hivi na hivi. Mstari mwekundu kama ulikuwepo, jua lilikuwa limeula.

Ukaja nyuma yangu na leso. "Mwaitu, nikufunike kichwa uone. Au nipe mimi nikuwekee fokasi."

Nakumbuka nilivyokujibu. "Simama kando, unaniwekea kivuli."

Kivuli ndicho nilichokuwa nakihitaji. Lakini wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye benchi wanatutazama, na sikutaka waone mpiga picha wa miaka yote hiyo akifunikwa leso kama mgonjwa anayevuta mvuke. Nikafanya alichonifundisha mjomba. Nikakadiria umbali, nikaweka namba. Mama Kavinya akanyoosha mkono bila kutazama, kama mtu anayetafuta fimbo yake, na Mwangangi akaushika. Nikapiga. Nilijua ni picha nzuri kama vile unavyojua chumvi imetosha kabla ya kuonja.

Hukuniambia adapta ilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa sababu na wewe ulikuwa hujajua. Upungufu wa unene wa karatasi tu, lakini unatosha kufanya kila namba kwenye lenzi iseme uongo. Nilidhani nimeweka fokasi kwenye nyuso zao; lenzi ilikuwa inatazama nyuma yao. Ulipofungua picha nyumbani kwenye kompyuta, tangi la maji lilionekana mpaka kutu kwenye mshono wake. Ua wa minyaa, ungeweza kuhesabu vijiti vyake. Watu watatu wa mbele walikuwa kama wamepakwa mafuta. Ulikuza, ukapunguza, ukakuza tena. Baba yako aliuliza kutoka mlangoni, "Zimetokaje?" ukamjibu, "Bado tunaangalia."

Nilimpigia Mutisya nikamwomba turudie. Alisema Mwangangi atakuja tena Desemba, turudie wakati huo. Mama Kavinya hakufika Desemba.

Ile siku Mutisya alipokuja hapa kuchukua picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi ya mama yake, wewe ulikuwa umekaa pale kwenye stuli ya mlangoni. Sitasahau jinsi alivyonifungulia mlango wa kutorokea. Alitazama picha, akaniuliza polepole, "Ni kamera iliharibika?"

Ningesema ndiyo. Hata wewe niliona umeinua kichwa, kana kwamba uko tayari kusema ndiyo kwa niaba yangu. Nikamwambia, "Kamera haina shida. Ni mimi niliyeichagua vibaya. Jicho langu la kulia halioni katikati, Mutisya, na nilikuwa nalificha."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza wewe kulisikia, na ulilisikia mbele ya mteja. Kwa hilo pia nisamehe.

Mutisya alikaa na ile picha. Akasema, "Huyu ni mama kwa sababu najua ni mama." Akaturudishia, akaenda kukuza picha ya kitambulisho. Kwenye mazishi ndugu wale walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, na kabla ya mvua kuja walikuwa wamerudi kwa chifu na mambo ya mpaka wa shamba. Sisemi picha ingewazuia. Uliniambia mara nyingi kwamba picha si mzee wa ukoo, haiwezi kuketisha watu. Najua. Lakini nimewaza sana kwamba kama ingekuwepo, ikining'inia kwenye sebule ya mmoja wao, mtu angeipita kila siku akienda kunywa chai. Hilo silijui, na silijui mpaka leo, na ndilo linaloniamsha.

Sasa nifike kwenye lile ninaloonea haya zaidi, kwa sababu la Migwani angalau nililisema.

Baada ya hapo ulipata ile nafasi ya Naivasha, kwa yule mama mwenye studio ya kupiga picha za maua ya kuuza nje. Alikuwa tayari kukufundisha na kukulipa. Ulisoma ujumbe, ukaweka simu chini, ukasema huendi. Nikauliza kwa nini. Ukasema, "Naivasha kuna baridi."

Mtoto wa Nunguni, aliyekwenda shule na sweta mbili. Nilicheka, na wewe ukacheka, na mambo yakaishia hapo. Nilijua. Ulijua kwamba najua. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, na moyo wangu, Mumbua, ulikuwa umefurahi. Sikuhuzunika hata kidogo usiku ule. Nilifikiri, sasa kazi itaendelea.

Na iliendelea. Mimi niliwapanga watu, niliwachekesha, nilirekebisha kola. Wewe ukashika kamera chini ya leso, ukazungusha lenzi, ukapiga. Watu walilipa jina langu kwa macho yako. Yule mchungaji wa Mbumbuni alipokuambia wewe ni mkono wangu wa kulia nilijivuna, na njiani ulinigeuzia kisogo mpaka tukafika nyumbani. Nilikuuliza kama umechoka. Ulisema ndiyo. Kulikuwa na mambo mengi ya kukuuliza siku ile, nikachagua hilo kwa sababu jibu lake ni fupi.

Sikukukataza kwenda popote. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijitetea. Lakini mtu anaweza kumzuia mwingine bila kusimama mlangoni. Inatosha ajikwae kidogo kila anapoona mwenzake amevaa viatu.

Ndiyo maana siku ile ya Machakos ilinipa raha na kuniuma kwa pamoja. Ndengu zilikuwa zimefanya vizuri, baba yako akasema nunueni kamera inayofaa, na safari hii nikakuachia uchague. Ulifunga lenzi za mjomba kwenye taulo, ukazipanga juu ya meza ya yule kijana wa dukani. Akacheka, akanigeukia mimi.

"Sasa mathe, hizi za nini? Chukua hii lenzi yake, inajifanyia kila kitu. Wewe ni kubonyeza tu."

Mimi ningeona aibu nikazirudisha kwenye taulo. Wewe ulimwambia, "Tutoke nje juani."

"Kamera haitoki nje kabla ya kulipiwa."

"Basi simama nayo wewe mlangoni, mimi nitatazama."

Akasimama nayo. Ukafunga adapta ya kwanza na lenzi ndefu, ukachungulia kwenye kidirisha, ukaelekeza kwenye mlima, ukasoma namba pembeni. Ukatoa. Ukaomba adapta nyingine. Akaleta, ukatoa. Ya tatu ulizungusha mpaka mlima ukawa safi, ukaniita, "Mwaitu, soma hapa." Nikaweka kidole kwenye alama ya umbali usio na mwisho, nikasoma kwa jicho la kushoto. Ilikuwa imekaa panapostahili. Kisha ukauliza kama bodi inatuliza mtikisiko wa mkono hata kwa lenzi isiyo na waya, na yule kijana, ambaye hakuwa anacheka tena, akasema inatuliza, ila lazima uiambie kila unapobadilisha lenzi kwamba ni ya urefu gani, kwa sababu haiwezi kujua yenyewe. Ukamuonyesha kwamba tayari ulikuwa umeiambia.

Nilisimama pale mlangoni na taulo mkononi, nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu Naivasha. Ulikuwa umeshakuwa mpiga picha kamili, na nilikuwa nimekufanya fimbo ya kutembelea.

Watu wa Lodwar walipokujibu, nilikuambia nenda kabla hujamaliza kusoma. Ulinitazama sana. Nadhani ulikuwa unatafuta kama najikwaa.

Leo asubuhi, ukiwa umeenda kuaga kanisani, nilifungua droo yangu kutafuta uzi. Nikakuta kamera mpya imefungwa kwenye kitambaa changu cha kichwa, na lenzi ya kati iko juu yake, na adapta ile nzuri. Nikaenda kwenye begi lako. Kule chini, ndani ya soksi, ilikuwa ile ndogo, isiyo na kidirisha.

Ulitaka uende jangwani na skrini inayokufa juani, ili mimi nibaki na kidirisha cha kutazamia kwa jicho langu zima. Sijui ulifikiri utawaambia nini wale wenye visima. Labda ungesema unazoea.

Nilikaa sakafuni kando ya begi lako. Kwanza niliwaza nizibadilishe kimya kimya, ukifika ugundue, uwe umeshafika. Lakini ungeelewa kwamba nakataa zawadi, na usingejua kwa nini. Na sababu yenyewe ndiyo niliyokuwa nimeificha.

Mwezi uliopita sikuenda Machakos kununua karatasi za kuchapishia. Nilienda kwa daktari wa macho. Alinitia dawa, akamulika, akamulika tena, kama wewe ulivyokuza na kupunguza ile picha ya Migwani. Akasema la kulia pale katikati hapatarudi. Nikasema hilo nalijua. Akasema la kushoto limeanza. Nikamuuliza litachukua muda gani, akasema kwa wengine ni polepole sana, kwa wengine si polepole, nirudi nipimwe tena, kuna sindano wanaweza kujaribu ili kulichelewesha. Nitarudi. Baba yako nimemwambia jana. Alitoka akaenda kusimama kwenye banda la ng'ombe, na hiyo ndiyo sababu alionekana mkali kwenye chakula. Hakuwa amekukasirikia wewe.

Kwa hivyo kidirisha hakitanisaidia, mwanangu, si kwa muda mrefu. Kamera mpya nimeirudisha kwenye begi lako na adapta ile nzuri, zikae na lenzi fupi na ile ndefu. Ukizibadilisha huko, geuza bodi itazame chini na mgongo wako uupe upepo, kwa sababu kamera hizi zikiwa wazi, ndani panabaki uchi na vumbi linaingia moja kwa moja. Ile ndogo nimebaki nayo, na ile lenzi ya kati uliyoniachia. Hapa kwenye baraza, ukungu ukiwepo, bado inanichorea mwekundu wake. Za kitambulisho nitapiga. Za harusi nitakataa, na nitasema kwa nini ninakataa.

Niliogopa kukwambia hili kuliko nilivyoogopa kumwambia Mutisya. Niliogopa utavua viatu. Leo kutwa nimekuwa nikibishana na nafsi yangu: nikimwambia, nitamzuia, nisipomwambia, nitakuwa nimemchagulia tena kwa kumficha kitu, kama nilivyochagua kamera. Sijapata njia ya tatu. Nimechagua kukwambia na kukuomba uende. Najua ni maombi mazito. Ukienda utakuwa na hili kifuani, na kuna siku utakuwa unazungusha lenzi mbele ya mtu asiyekujua, na macho yatakujaa. Siwezi kukupunguzia hilo. Na ukibaki, sitakufukuza, mimi si mtu wa namna hiyo, lakini nitafurahi tena kama nilivyofurahi siku ya Naivasha, na furaha ile sitaki kuionja mara ya pili.

Usiache kazi katikati ya mwaka kwa sababu ya simu yoyote ya baba yako. Yeye huona mambo makubwa kuliko yalivyo, hasa jioni. Nikikuhitaji nitakuita mimi, kwa sauti yangu, na nitasema wazi ninachotaka. Hilo ndilo ninaloweza kukuahidi, na nimejifunza kwa gharama yako.

Kuna jambo moja sijui nilifanyeje. Utanitumia picha, na nitazipokea, na nitakwambia ni nzuri. Mwanzoni nitakuwa nazitazama. Baadaye nitakuwa nasema tu. Sitaki ifike hapo tukaanza kudanganyana upya, wewe ukiuliza umeziona, mimi nikisema nimeziona. Basi ukituma, nipigie, uniambie ni nani huyo, amesimama wapi, mkono ameuweka namna gani. Mimi nilipiga picha za watu maisha yangu yote. Ukinieleza vizuri nitajua kama umepata au umekosa, na nitakwambia.

Nakusikia unamwita baba yako, nadhani amerudi na chakula ki tayari. Barua hii ningeweza kuitia begini uisome ukiwa mbali, ambako huwezi kunijibu. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga nilipoanza ukurasa wa kwanza. Lakini nitakupa kesho na chai, kabla gari halijaja, uisome mbele yangu na uniulize unachotaka kuuliza. Ukimaliza usiinuke upesi kwenda kuosha vikombe. Kaa pale dirishani, penye mwanga, usogee karibu, na utulie kidogo. Nataka kukutazama.

Mama yako